Meza pepe ya michezo ya kuigiza wahusika: anza na kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote

Kikundi kinapoamua kucheza mtandaoni, mjadala huanzia kwenye majina ya meza pepe, yaani programu za kuchezea: Roll20 au Foundry? Hapo hatua kadhaa zimerukwa. Ya kwanza ni karatasi na kalamu. Andika kila mchezaji atatumia kifaa gani na intaneti ya aina gani, kisha andika mwendesha mchezo (yule anayesimulia na kuongoza wengine) ana saa ngapi za kujiandaa kila wiki. Hayo mawili yakishakuwa wazi, nusu ya programu hujiondoa zenyewe, na mara nyingi zinazojiondoa ni zile zinazosifiwa zaidi.

Meza huenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Wachezaji wanne wakiwa na kompyuta nzuri na wa tano akiwa na simu inayogoma kila ramani mpya inapofunguliwa, wote watano wanasubiri. Ndiyo maana siamini jedwali lolote linalolinganisha meza pepe kwa kuhesabu vipengele. Vipengele vya ziada ni mzigo, na mzigo huo hubebwa na simu ya yule wa tano.

Kwa anayeanza: meza pepe ni programu inayowawekea wachezaji wote ramani moja, tokeni za wahusika (vipicha vinavyosogezwa juu ya ramani), dadu na karatasi za wahusika (zenye uwezo na uhai wa kila mmoja), hata kama mmoja yuko Mombasa, mwingine Muscat na wa tatu Toronto. Mchezo wenyewe ni mazungumzo. Call of Cthulhu, kwa mfano, huchezwa kwa dadu za asilimia, picha chache za ushahidi na sauti safi. Discord na boti ya dadu, yaani programu ndogo inayorusha dadu kwenye gumzo, vinatosha kabisa, na saa ambazo zingetumika kuchora kuta za ramani ziende kwenye kuandaa fumbo lenyewe. Dungeons & Dragons na Pathfinder ni habari nyingine. Huko mapigano hupimwa kwa miraba, mraba mmoja ni futi 5, na mchezaji anataka kujua kama moto aliourusha umemgusa adui wa tatu au umeishia kwa wa pili. Hapo gridi ina kazi.

Ramani ndiyo inayoua simu

Watu hutazama ukubwa wa faili na kudhani wamemaliza. Kuna vipimo viwili, na kila kimoja kina madhara yake.

Chukua ramani ya miraba 30 kwa 40, yenye pikseli 100 kwa kila mraba. Hiyo ni picha ya pikseli 3,000 kwa 4,000, yaani milioni 12. Ikifunguliwa, kadi ya michoro hutenga baiti 4 kwa kila pikseli, kwa hiyo ramani hiyo peke yake inakula MB 48 za kumbukumbu, iwe ulihifadhi PNG ya MB 20 au WebP ya MB 2. Ukiipandisha hadi pikseli 140 kwa mraba inafika 4,200 kwa 5,600, na kumbukumbu inapanda hadi MB 94. Ukiishusha hadi 70, inabaki kama MB 24. Hapo hatujahesabu tokeni, mwanga wala ukungu wa ramani (giza linaloficha sehemu ambazo wachezaji hawajafika), ambavyo navyo vinataka nafasi yao. Tena simu nyingi za zamani haziwezi kuchora picha ambayo upande wake mmoja unazidi pikseli 4,096. Mwenye simu hiyo ataona weusi mtupu, au kivinjari kitajifungua upya bila kusema neno.

Kwa hiyo kupunguza pikseli kunaokoa kumbukumbu, na kubadili PNG kuwa WebP kunaokoa bando na muda wa kupakua. Fanya yote mawili. Fungua ramani katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kata ukingo mweupe wote (huo ndio unaofanya gridi isilingane na mistari iliyochorwa), badilisha vipimo viwe idadi ya miraba mara 70 au mara 100, kisha hamisha kama WebP yenye ubora wa 80. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Kwa nini 70 au 100? Roll20 huhesabu mraba kuwa pikseli 70, na ukurasa mpya huja na miraba 25 kwa 25. Foundry huanza na 100, lakini inakuruhusu kuandika kipimo halisi cha ramani yako. Ukiwa Roll20 usivute picha kwa kipanya mpaka "ikaribie". Weka kwanza ukurasa uwe miraba 30 kwa 40, kisha bofya picha kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye mipangilio ya ziada, uandike vipimo vyake kwa miraba. Kosa la pikseli 2 kwa kila mraba, ramani ikiwa na miraba 40, linakuwa pikseli 80 upande wa pili: zaidi ya mraba mzima.

Programu zenyewe

Kama kuna simu mezani na mwendesha mchezo ana saa moja tu ya maandalizi kwa wiki, anza na Owlbear Rodeo. Inafanya kazi ndani ya kivinjari. Mwendesha mchezo hufungua akaunti, wachezaji hubofya kiungo tu. Unapakia ramani, unaifunika kwa ukungu, unaufuta chumba kwa chumba kadiri wanavyosonga mbele. Karatasi za wahusika hazimo ndani yake, zinabaki kwenye PDF au daftari, na hesabu za mapigo mnafanya wenyewe. Kwa kikundi kinachojua sheria zake hilo si pungufu hata kidogo. Naiona ndiyo chaguo linalodharauliwa kuliko yote, na vikundi vingi vinavyoteseka na programu nzito vingekuwa na furaha hapo.

Roll20 ilizinduliwa mwaka 2012 na bado ndiyo mlango ambao wengi huingilia. Mchezo hukaa kwenye seva zao, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha wala cha kuwasha. Akaunti ya bure ina MB 100 za kuhifadhi picha. Kwa ramani za MB 20 unajaza baada ya tano. Kwa WebP ya MB 2 unaweka arobaini na bado tokeni zinapata nafasi. Mwanga unaofuata tokeni, ule unaomwonyesha mchezaji kile tu ambacho mhusika wake angekiona, unahitaji usajili wa kulipia, na skripti za kuendesha mambo zenyewe zinahitaji daraja la juu zaidi. Anayelipa ni aliyeunda mchezo. Wachezaji hawalipi chochote, jambo ambalo vikundi vingine hawalijui mpaka kila mtu ameshatoa kadi yake. Skrini ndogo si mahali pake. Mwenye simu ataweza kurusha dadu na kufungua karatasi yake, lakini kusogeza tokeni katikati ya mapigano kutamchosha.

Foundry ilitoka rasmi mwaka 2020. Bei yake ni dola 50, unalipa mara moja. Leseni ni ya mwendesha mchezo na wachezaji huingia bure kwa kivinjari, kwa hiyo watu watano wakichanga ni dola 10 kila mmoja. Nguvu yake kubwa iko kwenye sheria zilizojengwa ndani. Mfumo wa Pathfinder toleo la pili, unaotunzwa na watu wa kujitolea, una sheria, miujiza na viumbe bila malipo ya ziada, kwa sababu leseni ya mchezo huo inaruhusu. Kwa wachezaji wa Pathfinder wenye kompyuta sina ushauri mwingine. Kwa Dungeons & Dragons, mfumo wa bure una yale tu yaliyomo kwenye hati huria ya sheria; vitabu vingine vinanunuliwa.

Gharama yake nyingine ni muda. Foundry inakudai ujifunze. Kiolesura chake kimekusudiwa skrini ya pikseli 1,366 kwa 768 au zaidi, na laputopu yenye skrini hiyo ikiwa Windows imewekwa kwenye ukuzaji wa asilimia 125 inahesabika kuwa na upana wa 1,093 tu, ndipo onyo la skrini kuwa ndogo linapotokea. Bonyeza Ctrl na alama ya kutoa mara mbili au tatu, paneli zitakaa. Ikiwa ramani inakwenda kwa kukwamakwama kwenye kompyuta ambayo si mbovu, angalia mipangilio ya kivinjari kama uharakishaji wa maunzi umezimwa. Ukiwa umezimwa, kazi yote ya kuchora inaangukia kichakataji kikuu (CPU) na hata ramani ndogo inakuwa nzito.

Fantasy Grounds ni ya zamani kuliko zote nilizotaja, ipo tangu 2004, na inafanya hesabu nyingi kwa niaba yenu, lakini kila mchezaji lazima aisakinishe kwenye kompyuta. Simu haimo. MapTool ni ya bure na chanzo chake ni huria, nayo ni ya kusakinisha. Inamfaa mtu anayependa kuandika makro (amri fupi za kuendesha mambo) zake mwenyewe. Tabletop Simulator inamdai kila mchezaji anunue nakala yake, na meza ya pande tatu ni mzigo mzito kwa laputopu ya ofisini.

Ukichagua Foundry, nani atabeba seva?

Hapa ndipo vikundi vingi vya kwetu hukwama, na kosa huwa si la programu.

Foundry ikiwashwa kwenye kompyuta yako inasikiliza mlango namba 30000. Wachezaji wa nje wanaufikia mlango huo kupitia rauta yako, na maelekezo mengi mtandaoni yanasema tu "fungua mlango kwenye rauta". Unafungua, na bado hakuna anayeingia. Chanzo ni kwamba watoa huduma wengi, hasa wa intaneti ya simu, huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Rauta yako haina anwani yake yenyewe kwenye mtandao wa dunia, kwa hiyo hakuna mlango wa kufungua.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaotazama intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikitofautiana, au ile ya rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, acha kuhangaika na rauta. Njia zilizobaki ni tatu: kumwomba mtoa huduma anwani ya peke yako, ambayo kwa kawaida inalipiwa, kutumia njia ya handaki kama Cloudflare Tunnel au playit, ambapo kompyuta yako ndiyo inayopiga simu nje na wachezaji wanaingilia huko, au kukodi seva, iwe The Forge iliyotengenezwa kwa ajili ya Foundry, au seva ya kawaida yenye RAM ya GB 2.

Kabla ya kuamua, piga hesabu ya kupakia. Tukio (Foundry huliita "scene", yaani ramani moja na vyote vilivyo juu yake) lenye ramani na tokeni za MB 8, likifunguliwa na wachezaji 5, ni MB 40 zinazotoka nyumbani kwako, sawa na megabiti 320. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 64 za watu kutazama skrini inayojaa. Ukiacha ramani ikiwa PNG ya MB 20 inakuwa dakika mbili na sekunde arobaini. Mara ya pili inakuwa haraka kwa sababu kivinjari kimeshahifadhi picha, kwa hiyo wafungulie wachezaji tukio kubwa mapema, wakati bado mnasalimiana.

Ushauri wangu kwa kikundi kilichotawanyika ni kukodi. Umeme ukikatika kwa mwendesha mchezo, seva ya nyumbani inazimika na mchezo mzima unakufa. Seva ya kukodi inaendelea, naye anarudi kwa simu akaendelea kusimulia. Umbali wa seva usikutie hofu. Huu ni mchezo wa zamu, na ucheleweshaji wa milisekunde 200 hauharibu kitu. Kinachoharibu ni laini inayokatika.

Sauti iache Discord. Foundry ina sauti na video yake, lakini kivinjari hakitatoa maikrofoni kama anwani si ya HTTPS (muunganisho uliolindwa), na bila seva ya kati kila mtu hutuma nakala kwa kila mwenzake: mkiwa 5, kila mmoja anapakia mara 4. Chaneli ya Discord kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban MB 29 kwa saa kwa kila sauti inayosikika. Video ndiyo inayomaliza bando. Izimeni.

Skrini nyeusi na makosa mengine ya siku ya kwanza

"Sioni kitu, ni giza tu." Kilio hiki husikika kwenye kila meza yenye mwanga, na sababu karibu zote ni mbili: mchezaji hajapewa umiliki wa mhusika wake, au tokeni haijawashiwa uwezo wa kuona. Kwenye Foundry mpe umiliki kwenye karatasi ya mhusika, kisha fungua mipangilio ya tokeni uwashe uwezo wa kuona. Kwenye Roll20 hakikisha tokeni inawakilisha karatasi sahihi, karatasi hiyo inaweza kuhaririwa na mchezaji, na tokeni ina uwezo wa kuona. Sababu ya tatu, ya nadra, ni kwamba kuna giza kweli na hakuna aliyewasha mwenge. Ikiwa wachezaji wanaona ramani lakini hawamwoni adui uliyemweka, huenda umemweka kwenye tabaka la mwendesha mchezo, ambalo wachezaji hawalioni.

Kosa jingine la Foundry linawachanganya hata wazoefu. Mhusika anajeruhiwa kwenye ramani ya kwanza, mnahamia ya pili, na uhai wake umejaa tena. Tokeni yake haikuunganishwa na karatasi, kila nakala inajitegemea. Wahusika wa wachezaji waunganishwe daima. Mazimwi wadogo watano wanaotumia karatasi moja wasiunganishwe, la sivyo ukimpiga mmoja wote wanapungukiwa.

Kuta zinazovujisha mwanga huvuja kwenye kona ambako ncha mbili hazikugusana. Shikilia Ctrl unapochora ili kila ukuta uanzie pale uliotangulia ulipoishia. Nafuu zaidi ni kupata ramani iliyokuja na kuta zake: Dungeondraft huhamisha faili la dd2vtt lenye picha, kuta na taa pamoja, na Foundry hulisoma kwa msaada wa moduli ndogo, yaani nyongeza inayosakinishwa ndani yake.

Moduli zenyewe ziogope kidogo. Anza bila hata moja, ongeza pale tu jambo fulani limewakera mara tatu. Mambo yakiharibika na una moduli 32, usizizime moja moja. Zima nusu. Tatizo likiisha, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima. Endelea kugawa: 16, 8, 4, 2, 1. Majaribio matano na umempata.

Jaribu kwa saa moja kabla ya kulipa usajili au vitabu

Andaa tukio moja lenye kuta, taa 4 na tokeni 10. Mwite mwenye kifaa dhaifu kuliko wote, yeye peke yake, na akiweza atumie data ya simu badala ya Wi-Fi ya kazini. Mwambie afungue tukio huku ukihesabu sekunde, asogeze tokeni, afungue karatasi yake, aandike `/roll 2d20kh1+5` kwenye gumzo (amri hii hufanya kazi Roll20 na Foundry vilevile: dadu mbili za pande 20, chukua ya juu, ongeza 5), kisha azime data na kuiwasha tena. Kama hawezi kurudi mchezoni bila kusaidiwa, programu hiyo haiwafai. Unapotuma mwaliko andika saa pamoja na nchi, maana "saa tatu usiku" ya Nairobi ni saa nne ya Muscat, na wenzenu wa Ulaya na Kanada husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka wakati Afrika Mashariki haisogezi.

Vitabu vya kidijitali vinunue mwisho, baada ya miezi miwili ya kucheza. Kitabu ulichonunua Roll20 hakikufuati Foundry, na cha Fantasy Grounds hakiendi Roll20. Kikundi kikihama, kinanunua upya. Na meza hufungwa: Astral ilikuwa na wapenzi wake, haipo tena. Roll20 haina kitufe cha kupakua kampeni nzima ili uiendeshe kwingine, basi weka nakala ya ramani, picha na maandishi yako kwenye folda yako mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Kwenye Foundry nakala ni rahisi lakini ina masharti. Ndani ya folda ya data kuna Config, Data na Logs, na dunia zako (ndivyo Foundry inavyoziita kampeni) zimo ndani ya Data. Funga dunia kwanza, ndipo unakili. Tangu toleo la 11 hifadhidata hutumia LevelDB, na kunakili ikiwa wazi kunaweza kukupa nakala mbovu ambayo utaigundua siku unapoihitaji. Kwa sababu hiyohiyo usiweke folda hiyo ndani ya OneDrive au Dropbox inayojisawazisha yenyewe. Na dunia iliyofunguliwa na toleo jipya hairudi kwenye la zamani, kwa hiyo sasisha siku baada ya mchezo, usisasishe asubuhi ya siku mnayocheza.